Mchanga Ukizidi, Kokoto Huondoka

Masika yakishapiga wiki mbili tatu, kalvati za kusini mwa Pemba huanza kuziba na maneno huanza kuzagaa. Dereva ana maelezo yake, fundi ana yake, na mwenye konde la mpunga lililofunikwa na mchanga ana yake. Mengi ya maelezo hayo ni ya kweli kwa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotugharimu, kwa sababu ni juu yake watu wanachimba, wanajaza na wanajenga. Nataka kuyajibu madai hayo moja moja, na sitayapa yote uzito sawa, kwa kuwa hayafanani kwa madhara.

Mtambile imekaa pahala pazuri pa kulitazamia jambo hili. Njia zinakutana pale, ya Mkoani, ya Chake Chake na ile inayokwenda Kengeja na Mwambe, na humo hupita mchanga na kokoto kwa lori na kwa gari za ng'ombe. Vitu hivi viwili havitoki pahala pamoja. Vilima vya kati na magharibi ya Pemba ni tabaka za mchanga na udongo wa mfinyanzi zilizolazwa na maji zama za Miosini; mwanajiolojia G. M. Stockley aliziandika katika ripoti yake ya jiolojia ya Zanzibar ya mwaka 1928. Kokoto inatoka upande wa mashariki, kwenye jiwe la matumbawe, huko Mwambe na Vitongoji, ambako watu, wanawake wakiwa wengi, hulipasua kwa nyundo. Fundi anavichanganya viwili hivi kwa makusudi. Mvua nayo inavichanganya, mitaroni na vijitoni, na mchanganyiko huo una tabia ambayo si ya mchanga peke yake wala si ya kokoto peke yake. Asiyeijua tabia hiyo atapima vibaya kila kitu kinachofuata.

Dai la kwanza ni la kukataa kusikiliza: "Pemba haina mito. Hesabu za mito ni za watu wa milimani."

Ni kweli kwamba hatuna mto wa kulinganishwa na Rufiji au Tana, na hakuna kilima cha Pemba kinachofika mita 150. Vijito vyetu ni vifupi. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni maji yake yameshafika mikokoni. Lakini hesabu ya mashapo, yaani vyote ambavyo maji huvibeba na kuvilaza chini, haiulizi jina la mto. Inauliza maji yana kina gani, sakafu ina mteremko gani, na punje zilizolala pale zina ukubwa gani. Albert Shields, Mmarekani aliyefanya Berlin utafiti wa namna punje zinavyoanza kusogea na kuutoa mwaka 1936, alifanya kazi katika mfereji wa maabara, na hivyo ndivyo walivyofanya wengi waliomfuata. Upana wa mifereji mingi ya namna hiyo haufiki mita moja. Hata vipimo vya nje vinavyosifiwa kuliko vyote katika elimu hii, vile alivyokusanya Robert Milhous huko Oregon, Marekani, na kuvitoa mwaka 1973, vilipimwa Oak Creek, kijito chenye upana wa mita chache tu. Watu wa milimani wenyewe walianza na vijito.

Dai hili lina haki yake moja, nami naikubali: sehemu nyingi sakafu za vijito vya Pemba ni mchanga mtupu, na huko hesabu ya mchanga peke yake inatosha. Hali hubadilika pale barabara inapokata bonde. Barabara hujazwa kifusi, kifusi humomonyoka, mawe yake huingia mtaroni na kutoka hapo yakateremka kijitoni. Mchanganyiko huzaliwa hapo hapo, mdomoni mwa kalvati, na ndipo penye gharama.

Dai la pili ndilo zito kuliko yote: "Maji huchukua mchanga, kokoto hubaki palepale."

Anayelisema ameona kwa macho. Mafuriko yakipungua, mchanga umekwenda na kokoto imekaa juu, safi, imeoshwa. Hata wahandisi walikaa miaka mingi na fikra hiyo. Kila punje ilipewa kizingiti chake: maji yakifika nguvu fulani, mchanga unaondoka; yakifika nguvu kubwa zaidi, kokoto ndogo; zaidi ya hapo, kokoto kubwa. Mwaka 1948 Meyer-Peter na Müller wa Zürich walitoa fomula ambayo wanafunzi wa uhandisi huanza nayo hadi leo, na mwanafunzi akipewa ukubwa mmoja wa punje anaitumia bila ya wasiwasi.

Tatizo ni kwamba punje za mtoni hazikai kila moja peke yake. Hans Albert Einstein, mtoto wa yule Einstein wa fizikia, alilionesha jambo hilo katika kazi yake ya mwaka 1950: punje ndogo hujificha nyuma ya kubwa, maji yasizifikie vizuri, punje kubwa hutokeza juu, maji yakazipiga kwa ukamilifu. Kwa hivyo ndogo inakuwa ngumu kuondoka kuliko ambavyo uzito wake ungetufanya tutarajie, na kubwa inakuwa nyepesi. Vizingiti vinasogeleana. Kokoto ya milimita 10 na ya milimita 40 zikilala sakafu moja, maji yanayoiondoa moja hayako mbali na yanayoiondoa nyingine.

Hiyo ni kokoto kwa kokoto. Mchanga ukiingia kati, mambo yanageuka zaidi. Mwaka 2001 Peter Wilcock, Stephen Kenworthy na Joanna Crowe walitoa matokeo ya majaribio ambayo, kwa maoni yangu, kila anayejenga kalvati anapaswa kuyajua. Walichukua kokoto, yenye punje za kufikia milimita 64, wakaichanganya na mchanga kwa viwango vitano, kuanzia kiasi cha asilimia 6 hadi asilimia 34, kisha wakapitisha maji. Kadiri mchanga ulivyozidi, ndivyo kokoto ilivyoondoka kwa wingi. Haikuwa tofauti ya kidogo: kwa nguvu ileile ya maji, kiasi cha kokoto kilichosafirishwa kiliongezeka mara nyingi mno, ingawa kokoto yenyewe ilikuwa imepungua katika mchanganyiko.

Sababu iko sakafuni. Sakafu ya kokoto tupu ina mashimo, na kila kokoto imekaa ndani ya shimo lililofanywa na wenzake. Ili iondoke, maji lazima yainyanyue kwanza kutoka shimoni. Mchanga ukishayajaza mashimo hayo, kokoto inabaki imekaa juu ya uso laini. Mtungi ulioketishwa juu ya kata hausukumiki kirahisi. Utoe kata, uulaze sakafuni, na mtoto ataubingirisha. Zaidi ya hapo, mchanga ukipita kiasi fulani, kati ya sehemu moja na tatu za kumi hivi, kokoto huacha kushikana zenyewe kwa zenyewe. Zinakuwa zimeelea ndani ya mchanga, na mchanga ukisogea, nazo zinasogea.

Wilcock na Crowe waliligeuza jambo hili kuwa hesabu mwaka 2003. Katika hesabu yao kuna namba moja inayosimamia ugumu wa sakafu kuondoka. Sakafu isiyo na mchanga juu ina 0.036, sakafu yenye mchanga mwingi inashuka hadi 0.021. Namba kama hizo hazimwambii kitu mtu wa Mtambile, basi nizigeuze. Chukua kijito chenye mteremko wa nusu mita kwa kila mita 100, na sakafu ambayo wastani wa punje zake ni milimita 20. Bila mchanga, kokoto inahitaji maji ya kina cha sentimita 24 hivi ili ianze kusafiri. Mchanga ukiwa sehemu moja ya kumi ya uso wa sakafu, na wastani wa punje tukiuacha palepale ili tuione athari ya mchanga peke yake, sentimita 15 zinatosha. Ukiwa sehemu mbili za kumi, ni sentimita 14. Angalieni namba hizo vizuri: karibu punguzo lote limeletwa na ile sehemu ya kumi ya mwanzo. Hakuhitajiki mchanga wa kufunika mto.

Sasa itazameni kalvati. Mtu akifyeka kilima juu ya bonde, akakiacha wazi wakati wa masika, mchanga unateremka. Jirani wa chini anasema, ni mchanga tu, utapita. Mchanga huo unaingia katika sakafu yenye mawe ya kifusi ambayo yalikuwa yametulia miaka mingi. Maji yaleyale ya kila mwaka, ambayo hayakuwahi kuyagusa, safari hii yanayaondoa, na kalvati inazibwa na mawe. Watu wanauliza mawe yametoka wapi. Yalikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni mchanga.

Na ile kokoto safi inayoonekana juu baada ya mafuriko? Hiyo haithibitishi kwamba haikusafiri. Punje zikitikisika pamoja, ndogo hupenya kwenye nafasi na kushuka chini, kubwa hubaki juu. Ndiyo maana uso wa mto una punje kubwa kuliko tabaka iliyo chini yake. Kokoto unayoiona leo inaweza kuwa nyingine kabisa, iliyotoka juu na kutua pahala pa ile ya jana. Ushahidi wake hauhitaji maabara. Pakeni rangi mawe ya kijito kabla ya mvua, yapangeni mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha rudini maji yakishapungua. Watafiti wa mito hufanya hivyo hivyo, na mwalimu yeyote wa skuli anaweza kulifanya jaribio hilo na wanafunzi wake kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Dai la tatu lina sura ya kitaalamu: "Tupe wastani wa mvua na wastani wa maji ya kijito, tutakwambia mchanga na kokoto kiasi gani kitapita kwa mwaka."

Hapana. Kwa maji, wastani unaweza kufaa. Kwa mashapo unapotosha. Karibu na kizingiti, katika hesabu ileile ya 2003, usafirishaji hupanda kwa kipeo cha tisa cha nguvu ya maji juu ya sakafu. Maana yake nguvu hiyo ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu, mashapo yanayosafiri huzidi mara mbili na zaidi. Ikiongezeka maradufu, bado katika eneo hilo la karibu na kizingiti, mashapo huzidi mara 512. Kijito kinaweza kukaa miezi kumi na moja bila ya kusogeza jiwe, kisha saa tatu za usiku mmoja zikafanya kazi ya mwaka mzima. Ukizigawanya saa tatu hizo kwa siku 365, umepata siku ambayo haijapata kuwapo.

Kuna jingine linalouangusha wastani: mashapo hayaji kwa utaratibu. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya saa chache iliiangukia Mgeta, katika milima ya Uluguru, na ardhi ikaporomoka pahala zaidi ya elfu moja. Paul Temple na Anders Rapp waliliandika tukio hilo mwaka 1972, katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala. Vijito vya huko vilipokea kwa siku moja mzigo ambao kwa kawaida vingeupokea kwa miaka. Pemba haina Uluguru, lakini ina kingo za mchanga na matuta ya barabara, na haya huporomoka kwa mkupuo, hayasubiri zamu.

Nafika kwenye dai ambalo limekwishatia hasara kubwa zaidi mwambao mzima na bara yake: "Mchanga wa mtoni haumaliziki. Chimba leo, masika ijayo umerudi."

Shimo linajaa, hilo ni kweli. Swali ni limejazwa na nini na kwa hasara ya nani. Maji yanayofika kwenye shimo hupunguza mwendo na kuushusha mzigo wake humo, mawe na mchanga mnene kwanza. Yakitoka upande wa pili hayana mzigo, lakini nguvu yanayo, nayo yatautafuta mzigo mwingine katika sakafu na kingo za chini, chini ya nguzo ya daraja, au katika tuta la konde la mtu. Na upande wa juu wa shimo mteremko umekuwa mkali kwa ghafla, kwa hivyo sakafu huanza kujila kurudi nyuma. Mchanga "uliorudi" mara nyingi ni ukingo wa jirani.

Watu wa Makueni, Kenya, walijifunza hilo kwa uchungu. Mito yao ya msimu ina mchanga unaohifadhi maji ya kunywa wakati wa kiangazi, na malori yalipouchukua mchanga, visima vya mtoni vilikauka. Kaunti hiyo ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Ukambani, ilimo Makueni, kuna ushahidi wa upande wa pili, wa watu walioielewa tabia ya mchanganyiko wakaitumia: mabwawa ya mchanga, yaani ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, mchanga mnene hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu yake. Kinachobaki ni hazina ya maji ndani ya mchanga, ambayo jua haliinyonyi upesi.

Zanzibar mchanga ni mali adimu, na uchimbaji wake unahitaji kibali. Sababu inayotajwa zaidi ni uharibifu wa ardhi ya kilimo, nayo ni sababu ya kweli. Ningependa iongezwe nyingine. Mtu akichekecha sakafu ya kijito chenye mchanganyiko, akachukua mchanga na kuacha mawe, ameibadili tabia ya kijito hicho. Pale alipochimba sakafu inakuwa ngumu, imevaa mawe, haiondoki tena kirahisi. Maji yakikosa pa kula chini, hula pembeni, na kijito hupanuka kuingia shambani. Aliyechimba atasema hakugusa ukingo, na atakuwa amesema kweli. Lakini ukingo utakuwa umekwenda.

Ndugu wa dai hili ni lile linalosema, "Ikizibwa, tutazibua." Kuzibua ni lazima, kalvati haiwezi kuachwa. Kuzibua peke yake, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuuliza mzigo unatoka wapi, ni kuuhudumia ugonjwa. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani, katikati ya Dar es Salaam. Juu na katikati watu wamechimba mchanga kwenye kingo. Chini bonde limejaa mashapo hadi maji yamekosa pa kupita. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini humo, na tangu hapo barabara ya Jangwani imefungwa na maji mara nyingi. Kilosa nako, mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika, ukawatoa watu majumbani na kuikata reli ya kati upande wa Gulwe. Mzigo uliokuwa umelala katika mto huo ulitoka mbali, katika vilima vikavu vya upande wa Mpwapwa na Dodoma, ambako mmomonyoko umejulikana tangu enzi za mkoloni. Kuuzibua Kilosa bila ya kuishika Mpwapwa ni kazi isiyokwisha.

Na anayetaka kuona mchanga na mawe makubwa vikisafiri pamoja, aitazame Kasese, magharibi ya Uganda. Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori na kupita Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982 na mabaki yake, punje ndogo ndogo, yakaachwa kwenye marundo karibu na mto. Mei 2013 mto uliteremsha majabali na mchanga, ukavunja nyumba na kuingia hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ulirudia, kwa ukali zaidi. Kati ya mafuriko hayo mawili mitambo ilikuwa imepelekwa kuyatoa mawe mtoni.

Limebaki dai la kompyuta, na hili nalisikia kwa sura mbili zinazopingana. Mmoja anasema, "Modeli hizi ni za Wazungu, hazijui bonde letu." Mwingine, "Modeli imeshatoa jibu, mjadala umekwisha."

Wa kwanza nimemjibu kwa sehemu: sheria za maji na punje hazibadiliki zikivuka bahari. Ila ana haki kwamba modeli haijui bonde letu, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Programu kama HEC-RAS, inayotolewa bure na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, inafanya kazi kwa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida. Ina fomula kadhaa za mashapo ndani yake, na hiyo ya Wilcock na Crowe ni mojawapo. Kinachokosekana ni vipimo vya kuingiza. Mtu anayetia ukubwa wa punje aliousoma katika ripoti ya nchi nyingine hajalipima bonde la Mtambile. Amelipima bonde la watu.

Wa pili ananitia hofu zaidi. Fomula hizo zikipewa kijito kimoja na maji yaleyale, majibu yake yanaweza kutofautiana mara kumi na zaidi. Zinatofautiana kwa sababu kila moja ilizaliwa katika mazingira yake. Ile ya Gary Parker ya mwaka 1990, iliyojengwa juu ya vipimo vya Oak Creek, inahesabu kokoto tu. Mchanga inauweka kando kabisa. Ni fomula nzuri kwa kazi yake, na ni hatari kwa kijito ambacho robo ya sakafu ni mchanga. Nyingine zilifanyiwa mchanga mtupu. Anayechagua fomula kwa sababu ndiyo ya kwanza katika orodha ya programu amebahatisha, hata kama jibu lina tarakimu nne baada ya nukta. Modeli iaminiwe katika kulinganisha kabla haijaaminiwa katika kuhesabu: kalvati moja pana au mbili nyembamba, kilima kikiwa na miti au kikiwa wazi, mchanga ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi au mbili. Hapo hata modeli yenye kasoro inaonesha upande ambao hatari iko.

Ninachowaomba wanaopanga barabara na kalvati za kusini mwa Pemba si kikubwa. Kabla ya kuchora, chukueni sampuli mbili za sakafu ya kijito, ya uso na ya chini ya uso, zichekecheni kila moja peke yake, na muandike mchanga ni sehemu ngapi ya mia. Pimeni mteremko. Waulizeni wazee wa bonde maji yaliwahi kufika wapi, mtie alama. Pandeni juu mtazame kilima gani kiko wazi. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa watu wawili wenye chekecheo, mizani na bomba la kupimia usawa. Nakala ya vipimo ibaki kwa sheha, ili atakayekuja kutengeneza baada ya miaka kumi asianze upya. Na masheha wa juu ya mabonde wahusishwe, kwa sababu anayeruhusu kilima kufyekwa wakati wa masika anaamua, ajue asijue, kama kalvati ya chini itasimama.

Kalvati ikipimwa kwa maji peke yake, itapitisha maji ya siku ya kwanza. Ipimeni kwa mchanga na kokoto pamoja.